Maneno ya kondoo na mifugo kwa Kiingereza na Kislovakia: namna ya kuyashika ukiwa hukuhuku Nyanda za Juu Kusini

Kamwene wadau, na wale wa Tukuyu ugonile. Hii naiandika kwa vijana wa mifugo, mliomaliza chuo cha mifugo Madaba au mpo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, sasa hivi na mnapiga hesabu za kwenda kusoma udaktari wa mifugo Košice au kilimo pale Nitra, vyuo vyote viwili viko Slovakia na cha Košice kinafundisha udaktari wa mifugo kwa Kiingereza pia. Na pia kwa wale mnaotembeza wageni hifadhi ya Kitulo, unajikuta umepata kundi la Waslovakia wanaojua milima na kondoo kuliko wanavyojua simba, na wanauliza maswali. Darasani utasalimika na Kiingereza. Ila ukitoka ukaenda kwenye zizi la mzee wa kijijini kule, yeye ana Kislovakia chake tu na hana haraka, kwa hiyo unahitaji vyote viwili na unavihitaji kwa pamoja.

Humu Kiingereza nakiweka kwenye alama za kunukuu, Kislovakia nakiacha wazi, msichanganye.

Msingi wa yote ni huu: usichukue neno la Kiingereza ukalipitisha kwenye apu ya kutafsiri ili upate la Kislovakia. Maneno ya mifugo ya Kiingereza mengi yana pacha wake mtaani. Andika “kid” utaletewa dieťa, mtoto wa mtu, wakati we ulitaka kozľa, mtoto wa mbuzi. Andika “pen” unapewa pero, kalamu ya kuandikia, badala ya košiar ambalo ndo zizi la kondoo. “Calf” inaweza kukupeleka kwenye msuli wa mguu, “ram” ikakupeleka kwenye memori ya kompyuta, na “sow” ambaye ni nguruwe jike ukajikuta unapanda mahindi. Dawa yake ni kumweka mnyama mwenyewe katikati. Piga picha kondoo wa kwenu au mchore kwenye daftari, hata kama mchoro unafanana na gunia la viazi lenye miguu, af kila sehemu uandike majina matatu: la kwetu, la Kiingereza, la Kislovakia. Jina likitoka kwa mnyama halikosei, likitoka kwa neno lingine linakosea.

Herufi kwanza, zisikutishe

Kislovakia kina herufi 46, ni kati ya alfabeti ndefu za Ulaya, lakini nyingi ni zilezile unazozijua zimevalishwa kofia. Na habari njema ni kwamba kinasomwa karibu kama kilivyoandikwa, kama Kiswahili, ukishajua kofia unasoma chochote hata kama huelewi.

C peke yake ni “ts”, ile sauti ya ndorobo anayeitwa tsetse. Kwa hiyo ovca, kondoo, inasomwa ov-tsa. Č ni ch ya chakula, š ni sh ya shamba, ž ni kama unasema sh halafu unaitia mngurumo wa z. J ni y, daima, hivyo jahňa ya mwanakondoo ni yahnya, maana ň nayo ni ny ya nyasi. Ľ ni l yenye y ndani yake. Ch ni ile kh ya Khamisi kwa wanaoitamka vizuri. Ô ni uo, kwa hiyo kôň, farasi, ni kuony. Ä siku hizi wengi wanaitamka e tu. Ukiona mstari juu ya irabu kama á au ú maana yake vuta, kama aa ya saa, haimaanishi ukazie hapo.

Mkazo sasa. Sisi tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanakazia ya kwanza. Kwenye neno la silabi mbili inatoka sawasawa bila kujitahidi: ovca, baran, koza, krava, umeshazitamka vizuri. Kasheshe ni zikiwa tatu na kuendelea. Bahnica utataka kusema bah-NYI-tsa, hapana, ni BAH-nyi-tsa. Jalovica, mtamba, ni YA-lo-vi-tsa. Mazoezi ya wiki nzima yaweke hapo.

Kuna maneno hayana irabu kabisa: vlk, mbwa mwitu wa kule, na krk, shingo. Waingereza wanalia wakifika hapa. Sisi tuna “mtu”, “mke”, “mbwa”, ile m imebeba silabi peke yake na hakuna anayeshangaa, basi fanya hivyohivyo kwa l na r. Hapa Mswahili anaanza mbele.

Matamshi ya kuangalia sana yako kwenye Kiingereza kwa kweli. “Lamb” ile b haitamkwi. “Wether” inasikika sawa na neno la hali ya hewa. Na “ewe”, kondoo jike, inasomwa yuu, yaani sawa na neno lao la “wewe”, na ukiisoma Kiswahili inakuwa ewe, ambayo nayo ni kumwita mtu. Sijui nani alipanga hivi lakini hutaisahau tena.

Familia ya kondoo

Jina la jumla ni “sheep”, ovca. Kiingereza hakiongezi kitu kwenye wingi, mmoja “sheep”, mia moja “sheep”, kama sisi na kondoo, kwa hiyo ukiandika “sheeps” unajiumbua bure. Jike ni “ewe”, dume ni “ram”, na kaskazini ya Uingereza wakulima wanasema “tup”. Mtoto “lamb”. Mwaka wa pili nyama yake na yeye mwenyewe wanaweza kumwita “hogget”. Jike changa ambaye hajazaa, Skoti na jirani zake wanasema “gimmer”. Aliyehasiwa, maksai wa kondoo tuseme, ni “wether”, na huyu ana historia, zamani walikuwa wanamfunga kengele shingoni akawa anaongoza kundi, ndo “bellwether”, neno ambalo leo waandishi wa biashara wanalitumia kwa kitu kinachoonyesha soko linaelekea wapi, wengi wao hawajui walikuwa wanamtaja kondoo asiye na mbegu.

Kislovakia: dume baran, mtoto jahňa, jike mzazi bahnica, jike changa jarka, aliyehasiwa škop. Ovca yenyewe ni ya kike kisarufi na ndo watu wanaitumia kwa jike siku zote kwenye maongezi. Kundi ni stádo au kŕdeľ, hii ya pili inatumika hata kwa ndege. Kiingereza kundi la kondoo ni “flock”, la ng'ombe ni “herd”, usibadilishe.

Sarufi yao ina jinsia tatu na wageni wanaichukia, lakini sisi tuliozaliwa na ngeli hatuna sababu ya kulalamika. Kondoo mkubwa: veľká ovca. Dume kubwa: veľký baran. Mwanakondoo mkubwa: veľké jahňa. Kivumishi kinafuata nomino kama mti mkubwa, kiti kikubwa. Ila kwetu wanyama wote wanaingia a-wa bila kujali, kule unatakiwa ujue huyu ni wa kundi gani. Siri moja inarahisisha sana: watoto wa mifugo karibu wote wanaishia na a au ä na wote ni wa jinsia ya tatu. Jahňa, kozľa, teľa ambaye ni ndama, žriebä mtoto wa farasi, kurča kifaranga. Wakiwa wengi unaweka -tá: jahňatá, kozľatá, teľatá, kurčatá. Jifunze moja umepata tano.

Kuhesabu ndo panapowaangusha watu. Kondoo mmoja ni jedna ovca. Wawili, watatu, wanne: dve ovce, tri ovce, štyri ovce. Ukifika watano neno linabadilika tena, päť oviec, na linabaki hivyo kumi, desať oviec, mia, sto oviec. Kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa na mfugaji yeyote duniani, una kondoo wangapi, ni “How many sheep have you got?” na Koľko máte oviec? Unajibu Mám dvadsať oviec, ninao ishirini. Waingereza wa kaskazini nao walikuwa na hesabu yao ya kuhesabia kondoo tu, “yan, tan, tethera”, ya kale, wazee wa huko bado wanaikumbuka, haina matumizi kwako lakini ukiitaja kwa mfugaji wa kule atakumiminia chai.

Kuzaa kuna maneno matano

Hapa nakaa kidogo maana kamusi nyingi zinapita haraka. Sisi tunasema amezaa, iwe ng'ombe iwe nguruwe, basi. Wao kila mnyama ana kitenzi chake, lugha zote mbili, na mara nyingi kimetoka kwenye jina la mtoto. Kiingereza: kondoo “lambs”, ng'ombe “calves”, mbuzi “kids”, farasi “foals”, nguruwe peke yake kajitenga “farrows”. Kislovakia: ovca sa bahní, na ndo maana mzazi akaitwa bahnica, krava sa telí, koza sa kotí, kobyla sa žrebí, prasnica sa prasí. Kondoo pia utasikia sa kotí. Mimba hivyohivyo, kondoo mwenye mimba kwa Kiingereza yuko “in lamb”, ng'ombe yuko “in calf”, na Kislovakia ovca je kotná, krava je teľná. Ukisema “the sheep is pregnant” wanakuelewa, si vibaya, ila mwenye shamba anajua mara moja kwamba umeyasoma kwenye kitabu.

Mimba ya kondoo ni miezi mitano hivi popote alipo, ila msimu ndo tofauti. Kule wengi wanazaa mwishoni mwa baridi, na baridi yao ni Desemba hadi Februari, siyo Juni na Julai kama Makete. Kondoo wanakuwa ndani wanakula seno, “hay”, majani makavu. Majira ya mvua na kiangazi usiyatafute, hawana, mgeni akikuambia kondoo wanatoka nje wakati wa jar, “spring”, ni mwezi wa nne.

Sufu, kitu ambacho wengi hatujakiona

Kondoo wengi wa kwetu ni wa manyoya mafupi na mkia wa mafuta, hakuna anayewanyoa. Sasa nusu ya msamiati wa Kiingereza wa kondoo unahusu sufu, hivyo tafuta vidio ya kunyoa kondoo uangalie hata mara mbili kabla hujakariri, la sivyo unakariri hewa. Sufu ni “wool”, vlna. Angalia, vlna hiyohiyo ni wimbi la bahari au la redio, apu nayo itakuchagulia inavyotaka. Sufu nzima iliyotoka kwa kondoo mmoja kama koti ni “fleece”, rúno. Kunyoa ni “to shear”, strihať. Mikasi “shears”, nožnice.

Kuna neno dogo “cast”. Kondoo mwenye sufu nzito akilala chali anaweza kushindwa kuinuka, na asipogeuzwa anakufa. Mfugaji akipiga kelele “she's cast!” anataka ukimbie ukamgeuze, hajasema ametupwa. Na “docking” ni kukata mkia wa mwanakondoo ili usichafuke na kuvutia nzi, jambo ambalo ukimwambia mzee wa kwetu anayehesabu mkia wa mafuta kama nusu ya thamani ya kondoo atakuona umerogwa.

Salaš

Hapa Kislovakia kinatajirika na Kiingereza kinakaa kimya, kwa hiyo usitafute tafsiri, jifunze kitu chenyewe. Salaš ni makazi ya kondoo mlimani pamoja na shughuli zake zote, kukamua, kutengeneza jibini, kulala. Kibanda cha wachungaji ni koliba. Mkubwa wao ni bača, yeye ndo mwenye siri ya jibini na ndo mwenye kauli, chini yake kuna valasi, mmoja anaitwa valach, na kijana anayewasukuma kondoo kwenda kukamuliwa ni honelník. Kale kamlango wanakopita mmojammoja kukamuliwa ni strunga. Kimila walikuwa wanapandisha kondoo siku ya Mtakatifu Juraj, 24 Aprili, na kuwashusha vuli.

Valach pia ni farasi aliyehasiwa, kwa hiyo angalia unamwita nani. Valaška ni aina ya kondoo wao wa kienyeji wenye sufu ngumu na pia ni kile kishoka cha mpini mrefu cha mchungaji. Aina nyingine ya kondoo ni cigája. Mbwa wao wa ulinzi, slovenský čuvač, ni mweupe pee, wanasema ili usiku asichanganywe na vlk, maana vlk na medveď, yaani dubu, bado wapo na bado wanakula kondoo. Na lile filimbi refu la wachungaji, fujara, karibu urefu wa mtu, UNESCO waliitambua mwaka 2005.

Usiwe mnyonge kwenye habari za milima. Kilele chao kirefu kuliko vyote, Gerlachovský štít, ni mita 2,655. Uwanda wa Kitulo wenyewe uko mita 2,600 hivi na mlima Rungwe unakaribia 2,960. Hrebeň ni mgongo wa mlima, lúka ni uwanda wa majani, andika kama jina la Luka na uvute u.

Maziwa sasa. Wao wanamkamua kondoo, kitu ambacho hapa hata ukisema unachekwa. Kukamua “to milk”, dojiť. Kiwele “udder”, vemeno. Chuchu “teat”, struk. Maziwa ya kondoo ovčie mlieko. Yanagandishwa kwa syridlo, ambayo Kiingereza ni “rennet”, linatoka donge la jibini linaitwa hrudka, linaachwa lichuje, linatiwa chumvi na kusagwa linakuwa bryndza, laini, kali kidogo. Bryndza ya Slovakia ililindwa jina na Umoja wa Ulaya mwaka 2008, na lazima angalau nusu itokane na maziwa ya kondoo. Maji yanayobaki, “whey”, yakichemshwa yanatoa žinčica, kinywaji cha uchachu, mtu wa mtindi hapati shida nayo. Ile inayokandamizwa kwenye umbo la mbao na kukaushwa kwa moshi ni oštiepok. Ya kukunjwa kama utepe ni parenica. Aliyewahi kuonja jibini la Njombe ana pa kuanzia, ila lile ni la ng'ombe na lina asili ya Kitaliano, ladha si ileile.

Chakula chao cha taifa ni bryndzové halušky, vidonge vya unga na viazi mviringo vilivyokwaruzwa, juu bryndza na mafuta ya slanina. Viazi ni vyetu kabisa, Makete na Umalila wangekula bila kuuliza. Ila slanina ni nguruwe, wale msiokula semeni mapema bez slaniny, bila hiyo.

Na nyama: Kiingereza kinambadilisha mnyama jina akifika mezani, “sheep” anakuwa “mutton”, “cow” anakuwa “beef”, “pig” anakuwa “pork”, urithi wa watawala waliotoka Normandy mwaka 1066 wakiongea Kifaransa. Mtoto wa kondoo anabaki “lamb”. Kislovakia ni baranina na jahňacina, rahisi, halafu hovädzie ya ng'ombe na bravčové ya nguruwe. Hovädzie imetoka kwa hovädo, ng'ombe, lakini usiitamke hovädo mbele ya watu, leo ni tusi zito. Ng'ombe kwa jumla sema dobytok. Kumwita mtu ovca au baran nako si sifa, ni kumwambia mjinga mfuata mkumbo au kichwa ngumu, tofauti na kwetu ambako kondoo ni mtu mpole na kanisani ni sifa.

Tukiwa kanisani: sisi mchungaji ni mmoja, wa kondoo na wa waumini. Kiingereza anayechunga kondoo ni “shepherd”, “pastor” ni wa kanisani tu. Kislovakia pastier ni wa kondoo, ukiisikia usidhani wametaja pasta wako. Ingawa watu wa Mbeya mna ukaribu msioujua, Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 wanabeba jina la Moravia, ambayo iko Ucheki, jirani kabisa wa Slovakia, na Mcheki na Mslovakia wanaongea kila mtu lugha yake na wanaelewana.

Akiugua

Sentensi hizi zijue zima zima, usizivunje. Kondoo anachechemea: “the ewe is lame”, ovca kríva. Hali chakula: “she's off her feed”, ovca nežerie. Anahara: “the lamb is scouring”, jahňa má hnačku. Ana homa: “she's running a temperature”, má teplotu. Mganga wa mifugo ni “vet”, zverolekár au veterinár. Kupe “tick”, kliešť. Kwato za mnyama mwenye kwato mbili ni paznecht, za farasi ni kopyto, Kiingereza zote “hoof”.

“Drench” mtaani ni kulowesha mtu chapachapa, kwa mfugaji ni kumnywesha mnyama dawa ya minyoo mdomoni. “Dip” mtaani ni kuchovya chipsi, kwa mfugaji ni josho. Na umri wanausoma kwenye meno ya chini mbele, ya juu mbele kondoo hana, kwa hiyo “two-tooth” ni aliyeota mawili makubwa, mwaka na kitu, akimaliza manane ni “full mouth”, yakianza kung'oka ni “broken-mouthed”.

Kitenzi kimoja cha kuwa nacho makini: mnyama anakula ni žrať, mtu anakula ni jesť. Nežerie kwa kondoo ni kauli ya daktari, kwa mama mwenye nyumba aliyekukaribisha chakula ni matusi.

Mifugo mingine, harakaharaka

Ng'ombe: “cow” krava, “bull” býk, “ox” vôl, “heifer” jalovica, “calf” teľa.
Mbuzi: “goat” koza, beberu “billy” cap, isome tsap.
Nguruwe: “pig” prasa, jike “sow” isome sau, prasnica, dume “boar” kanec.
Punda: “donkey” somár. Farasi “horse” kôň, jike “mare” kobyla, dume “stallion” žrebec.
Kuku: “hen” sliepka, jogoo “cock” au “rooster” kohút, bata “duck” kačka, ndege wote wa kufugwa “poultry” hydina.
Mbwa: “dog” pes, tamka kama pesa iliyokatwa mkia.
Maji ni voda, hawakuulizi laini ya simu. Chumvi “salt” soľ, nyasi “grass” tráva, majani makavu ya kulalia “straw” slama.

Kuyazoesha mdomo

Usikae na orodha mezani. Nenda bandani asubuhi na taja unachokigusa, kitenzi na jina pamoja: kukamua na kiwele, kunywesha na maji. Siku ya kwanza wanyama tu, ya pili viungo, ya tatu vitenzi, af unarudia yote ukiwa unafanya kazi. Jirekodi sauti WhatsApp ujitumie mwenyewe, usikilize ukiwa kwenye daladala Mwanjelwa, usione aibu. Hesabu kondoo wanapoingia zizini jioni, jedna, dve, tri, štyri, na wa tano ukumbuke kubadilisha kuwa oviec, kundi la jirani likiingia unaanza upya.

Agosti kuna Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale Uyole, mabanda ya mifugo yako yote sehemu moja, pita banda kwa banda ukitaja lugha mbili, bure, na watu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wapo uwaulize ya Kiingereza. Kule nao mwezi huohuo wa nane wana maonyesho yao ya kilimo, Agrokomplex, Nitra, kwa hiyo ukifika utatembea vilevile.

Kwenye simu ongeza kibodi ya Kislovakia kwenye mipangilio ya lugha, au bonyeza herufi uishikilie kidogo, kofia zitatokea juu yake uchague. Usiandike bila kofia kwa sababu ya uvivu, mkulima anaweza kukisia unachotaka lakini programu ya kutafuta haikisii, na kwenye fomu ya chuo ni vibaya zaidi, Košice bila kofia siyo jina la mji.